Tulipigania Kadhi, bandari ikatupita

Kila tetesi za kura ya maoni kuhusu katiba zinapozuka nchini Kenya, na haziachi kuzuka, macho huigeukia Mombasa na swali moja: je, Mahakama ya Kadhi, ile inayohukumu ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, itabaki? Swali hilo tuliulizwa 2005, tukaulizwa tena 2010, na naamini siku moja tutaulizwa tena. Ni swali zito na sitalidharau hata kidogo. Lakini niliufuata mjadala wa 2010 tangu rasimu ilipotoka mpaka siku ya kura, na maoni yangu hayajabadilika. Mji wetu ulishinda mabishano ambayo haukuyaanzisha. Wakati tukiwa tumezama katika mabishano hayo, mambo yaliyokuwa yetu zaidi, yaani bandari, feri na ardhi, yalipita ndani ya rasimu ile bila mtu kuyakazia macho.

Nianze nyuma kidogo, kwa ajili ya wasomaji waliokuwa watoto wakati ule.

Katiba ya uhuru ilijadiliwa Lancaster House, London, na 1963 ikaja nchini ikiwa na majimbo na Seneti. Ronald Ngala, mtu wetu wa Pwani, ndiye aliyeyapigania majimbo hayo na chama chake cha KADU, kwa hofu kwamba jamii ndogo zitamezwa. Hayakudumu. KADU ilivunjwa Novemba 1964, majimbo yakaondolewa, Seneti ikafuata 1966, na marekebisho yaliyokuja baadaye yakazidi kurundika madaraka Ikulu, mpaka 1982 kifungu cha 2A kikaifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Kilifutwa 1991. Tangu hapo kilio kikawa katiba iandikwe upya yote. Tume ya Profesa Yash Pal Ghai ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni, wajumbe wakakutana katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, 2003, na Septemba mwaka huo Profesa Crispin Odhiambo Mbai, aliyekuwa akiongoza kamati ya ugatuzi, yaani ya kugawa madaraka mpaka mashinani, pale Bomas, akapigwa risasi akafa. Watu wa Pwani wanaopenda kusema ugatuzi ni zawadi ya serikali wamkumbuke mtu huyu.

Rasimu ya Bomas ilikamilika Machi 2004. Iliyoletwa kwa wapiga kura tarehe 21 Novemba 2005 haikuwa ile. Ilikuwa imechezewa, na ugatuzi ndani yake umedhoofishwa. Ndizi ilikuwa ndio, chungwa likawa la. Chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi, na Pwani ilikuwa upande wa chungwa. Miaka miwili baadaye ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyoufuata, watu zaidi ya 1,100 wakafa, na mkataba wa amani wa Februari 2008 chini ya Kofi Annan ukarudisha katiba mezani. Kamati ya Wataalamu iliundwa, mwenyekiti akiwa wakili Nzamba Kitonga, na ndani yake wageni watatu kutoka Zambia, Uganda na Afrika Kusini.

Sasa nije kwa Kadhi.

Anayetaka kuelewa kwa nini Mombasa iliwaka moto kwa jambo hili lazima arudi kwenye ukanda wa maili 10. Mwambao huu ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 Waingereza walikubaliana naye wausimamie kwa kulipa kodi. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus mpaka Desemba 1963. Katika miaka hiyo yote makadhi walikuwa wakihukumu ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na Waingereza waliwaacha. Uhuru ulipokaribia, kukazuka harakati za Mwambao, watu waliotaka ukanda huu ujitenge au urudi Zanzibar. Uingereza ikamtuma Sir James Robertson kulichunguza jambo hilo, naye 1961 akapendekeza Mwambao uungane na Kenya, lakini kwa dhamana. Ndipo Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Uhuru wa dini utalindwa, Mahakama ya Kadhi itabaki, Kiarabu kitafundishwa kwa watoto wa Kiislamu, watawala katika sehemu zenye Waislamu wengi watakuwa Waislamu kadiri itakavyowezekana, na hati za ardhi zitaheshimiwa.

Katika ahadi hizo, ile ya Kadhi iliingia katika katiba, kifungu cha 66. Ile ya watawala ilibaki barua. Wazee wa mji huu waliiona tofauti kwa macho yao: kilichoandikwa ndani ya katiba kilivuka miaka ya Kenyatta na miaka ya Moi, na kilichobaki katika barua hakikuwa na mlinzi. Kwa hiyo mtu aliposema 2010 kwamba Waislamu wasiwe na wasiwasi, Kadhi anaweza kuwekwa katika sheria ya kawaida ya Bunge badala ya katiba, alikuwa akiwaambia wazee hao warudi kwenye barua.

Halafu ikaja hukumu ya tarehe 24 Mei 2010. Majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa tangu 2004, walisema kifungu cha 66 kinapingana na kifungu kinachokataza ubaguzi. Kura ilikuwa wiki kumi tu mbele. Nakumbuka namna habari ilivyopita mjini kwa simu kabla ya taarifa ya jioni, na namna khutba ya Ijumaa iliyofuata ilivyokuwa. Hata watu ambao hawakuwa wameifungua rasimu, na walikuwa wengi, waliamua siku ile watapiga kura gani.

Ami yangu hakuwa mmoja wao. Yeye aliisoma. Alikuwa na kijitabu cha rasimu kilichokwisha kuchakaa ukingoni, na jioni baada ya kuswali isha alikaa nacho barazani kwake, Mji wa Kale, kahawa ikizunguka kutoka kwenye dele. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo alimwita kijana yeyote aliyekuwa karibu amsomee kwa sauti. Sharti lake lilikuwa moja.

"Soma, mwanangu, wala usiruke."

Kijana akisoma haraka kama anayetaka kumaliza, ami alimrudisha mwanzo wa kifungu. Kando ya kifungu cha 170, kile cha Kadhi, alikuwa amepiga mistari miwili ya kalamu ya buluu. Ilipogunduliwa mwezi Mei kwamba katika baadhi ya nakala zilizochapishwa maneno kuhusu usalama wa taifa yamepenyezwa ndani ya kifungu cha 24, kile kinachoweka mipaka ya haki za mtu, ami aliomba kila aliye na nakala aje nayo. Zikawekwa chini pamoja chini ya taa, zikafunguliwa kifungu hicho hicho, na watu wazima wakainama kuzilinganisha neno kwa neno. Sijaona elimu ya uraia iliyo bora kuliko ile.

Kuhusu Kadhi, alichokuwa akikirudia ami ni hiki: "Hawajatupa kitu. Tulikuwa nacho." Na alikuwa sahihi kisheria. Kifungu cha 170 kiliacha mamlaka ya Kadhi pale pale yalipokuwa: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu watupu. Tena kiliongeza kizuizi, kwamba wahusika wote wawe wamekubali kesi yao isikizwe na Kadhi. Rasimu za nyuma zilikwenda mbali zaidi. Ile ya 2005 ilifikia kutaja hata mahakama za Wakristo na za Wahindu. Rasimu ya 2010 ilirudi kwenye kiasi.

Mwenzangu wa kazini wakati ule, Mtaita, Mkristo mshika dini, hakuridhika. Tulikuwa tukila pamoja mchana, na siku moja akaniuliza bila kupinda: "Ndugu yangu, kwa nini kodi yangu imlipe kadhi wako, na mchungaji wangu namlipa mwenyewe kwa sadaka?" Niliona ni swali la haki na nikamjibu kwa heshima linayostahili. Nilimwambia kadhi si imamu. Imamu wa msikiti wetu halipwi na serikali hata senti. Kadhi ni ofisa wa mahakama, anaandika hukumu, hukumu yake inakatiwa rufaa Mahakama Kuu. Nikamwambia pia habari ya 1963, ambayo alikuwa hajapata kuisikia, na hakuwa na kosa kwa hilo, kwa sababu shuleni hatukufundishwa. Hakubadili kura yake. Lakini baada ya siku ile hakusema tena kwamba Waislamu wanaomba upendeleo mpya, na mimi sikusema tena kwamba Wakristo wote wanaoipinga rasimu wana chuki. Wengi walikuwa na dhamiri zao kuhusu uhai wa mtoto tumboni, kifungu cha 26, na jambo hilo lilikuwa halituhusu sisi kabisa. Tarehe 13 Juni milipuko ilipotokea Uhuru Park kwenye mkutano wa maombi wa kambi ya La, watu 6 wakafa, nilimpigia simu kumpa pole kabla sijampigia mtu mwingine yeyote.

Ningependa mjadala wa Kadhi ungefika ndani zaidi kuliko ulivyofika. Miaka ile niliwahi kumsindikiza mama mdogo katika Mahakama ya Kadhi, kwa kesi yake ya matumizi ya watoto. Anayedhani mahakama ile ni ngome ya wanaume aende akakae kwenye benchi la kungojea. Wanawake ndio wengi. Mmoja pembeni yetu alikuwa na mfuko wa dukani, ndani yake cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na risiti za karo, amezifunga kwa mpira wa nywele, na kila mlango ulipofunguliwa alizitoa akazihesabu upya. Hao ndio wanaoitumia mahakama hii. Na kifungu cha 24, ibara ya nne, kinasema masharti ya usawa yatapunguzwa, kwa kiasi kinachohitajika tu, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Kadhi. Kiasi gani hicho? Nani atakipima? Maswali hayo yalimhusu mwanamke yule moja kwa moja, na katika mikutano yote niliyohudhuria sikumsikia mwanamke mmoja akipewa kipaza sauti kuyajibu. Tulikuwa tukibishana kama mahakama iwepo au isiwepo, na mabishano ya namna hiyo hayaachi nafasi ya kuuliza iwe vipi.

Swali limekuja lenyewe, kwa kuchelewa. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mirathi iliyopitia Mahakama Kuu ya hapa Mombasa, ikasema watoto wa Mwislamu aliyefariki wasinyimwe urithi kwa sababu tu wazazi wao hawakuwa katika ndoa inayotambuliwa, na kwamba ibara ile ya nne haiwezi kunyooshwa mpaka ikafika huko. Masheikh wengi wamekasirika na nawaelewa, kwa maana fiqhi ya mirathi ina hesabu zake zilizokwisha kupangwa. Lakini ibara ile tuliipigia kura. Ilikuwa imeandikwa wazi. Miaka 15 ilikuwepo ya kukaa pamoja, wanazuoni, mawakili na akina mama, tukaijadili kabla majaji hawajaijadili kwa niaba yetu.

Haya yote ni kuhusu Kadhi, jambo tulilolizungumza sana. Yale ambayo hatukuyazungumza kabisa ndiyo yanayoniuma zaidi.

Mwisho wa Katiba kuna majedwali, na Jedwali la Nne ndilo linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti. Sehemu ya pili, nambari ya tano, inahusu uchukuzi. Kaunti inapewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma, halafu inamalizia: feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa na mambo yanayohusiana nao. Msomaji wa Nyeri akiupita mstari huo simlaumu. Mtu wa Mombasa aliupitaje? Mji huu umekaa juu ya kisiwa. Anayeishi Likoni na kufanya kazi Mombasa mjini anavuka maji asubuhi na jioni, kila siku ya kazi, mpaka anastaafu. Feri ikiharibika moja tu, kina mama wenye watoto mgongoni, mafundi na mifuko ya zana zao, wanafunzi, wote wanabanana kwenye mteremko wa saruji juani mpaka geti lifunguliwe. Na Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka walikufa watu zaidi ya 250. Kila mtaa wa ng'ambo ile una nyumba iliyopoteza mtu siku hiyo. Kama kuna mji Kenya uliopaswa kuulizana kwa sauti maana ya mstari ule, kwamba feri itakuwa ya nani, mapato ya bandari yatagawanywaje, "mambo yanayohusiana nao" yanaanzia wapi na kukomea wapi, ni huu wetu.

Hatukuulizana. Nilikwenda mikutano ya Makadara na ya Tononoka, nikasikiliza redio za Pwani usiku, nikakaa barazani. Kadhi, Kadhi, Kadhi. Bandari inayohudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo ilitajwa kwa ujumla tu, kwamba "rasilimali zetu zitarudi kwetu", na umati ukapiga makofi. Zitarudi kwa kifungu gani? Hakuna aliyesema. Hata ami, na usomaji wake ule wa kutoruka, hakufika kwenye majedwali. Kijitabu kilikuwa kirefu na siku za kura zikawa zimefika.

Kuna jambo jingine lililopita kimya zaidi. Rasimu iliyotolewa Novemba 2009 ilikuwa na ngazi ya mikoa juu ya kaunti. Januari 2010 wabunge wa kamati teule walikwenda Naivasha, wakakubaliana juu ya urais wenye nguvu, na mikoa ikaondolewa. Bunge likapitisha rasimu tarehe 1 Aprili bila kubadilisha hata neno. Pwani, iliyokuwa mkoa mmoja wenye sauti moja kuhusu bahari, ikawa kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Urithi wa Ngala ulikatwa vipande sita hotelini Naivasha, na sisi tulikuwa tukijibu maswali ya Kadhi. Baadaye magavana waliunda Jumuiya ya Kaunti za Pwani kujaribu kuunganisha kilichotenganishwa. Jumuiya ni jambo jema, lakini haina mamlaka ambayo mkoa ndani ya katiba ungekuwa nayo.

Ardhi nayo. Hapa Pwani hati zilianza kutolewa kwa sheria ya 1908, iliyotaka kila mwenye madai ajitokeze na kuyathibitisha. Aliyejua kusoma na aliyekuwa na njia ya kufika ofisini alipata hati. Familia za Kimijikenda zilizolima kwa pamoja hazikuwa na karatasi, na ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Ndiyo maana mpaka leo Mombasa ina kitu ambacho mtu wa bara hukielewa kwa taabu: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga au umeirithi, lakini kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Siku akiuza, umesimama juu ya mali ya mtu.

Rasimu ilikuwa na mengi kuhusu hilo. Kifungu cha 65 kilisema asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Kifungu cha 62 kilifanya ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma, yaani ule mchanga wa Nyali na Bamburi unaotembea juu yake ni wako. Kifungu cha 67 kiliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Hapo tulipaswa kuingia na masikio wazi, tudai kujua utaratibu. Sheria ya kutekeleza jambo hilo ilipokuja, 2016, iliweka miaka mitano ya kuwasilisha madai. Niliwahi kuuliza katika mkutano wa mtaa kule Kisauni nani anafahamu kuna muda. Ukumbi ukanyamaza. Watu waliorithi dhuluma ya miaka mia na zaidi walikuwa hawajaambiwa kwamba mlango una saa ya kufungwa.

Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura. Nchi nzima waliosema ndio walipita milioni 6, waliosema la karibu milioni 2.8. Pwani ilikuwa kijani, rangi ya ndio, kwa wingi mkubwa. Siwezi kusahau furaha ya usiku ule mitaani kwetu, na nilifurahi kwa moyo wangu wote, kwa sababu pamoja na yote niliyoyasema Katiba hii ni bora kuliko iliyotangulia kwa umbali mrefu. Rais Kibaki aliizindua tarehe 27 Agosti.

Miezi miwili haikutimia, Serikali ikapiga marufuku Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge. Maneno "Pwani si Kenya" yakaanza kuonekana kwenye kuta. Watu wa Nairobi walishangaa: si ndio hawa waliosema ndio juzi? Mimi sikushangaa. Vijana wale walikuwa wakizungumza habari ya 1895 na 1963, bandari na ardhi. Sikubaliani nao kwamba dawa ni kujitenga, na niliwaambia hivyo uso kwa uso. Lakini madai yao yalikuwa mjadala ule ule wa katiba ambao mji haukupewa nafasi kuufanya, ukatafuta njia nyingine ya kutokea. Julai 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliondoa marufuku hiyo, kwa kutumia uhuru uliomo katika Katiba mpya.

Na 2019 ilipoagizwa kwamba makasha ya kwenda Nairobi na nchi za bara yapande treni ya SGR moja kwa moja kutoka bandarini, tuliona kilichokuwa kimejificha kwenye karatasi. Changamwe, Miritini na Mariakani zililia. Madereva wa malori, makarani wa maghala, mafundi wa magurudumu, wenye vibanda vya chakula, wote riziki ilikatika. Watu waliandamana. Lakini kilichofanya kazi ni kesi. Novemba 2020 majaji wa Mahakama Kuu ya Mombasa walisema agizo lile lilivunja Katiba kwa sababu wananchi hawakushirikishwa, jambo ambalo kifungu cha 10 kinalidai. Kifungu cha 10! Katika mwaka mzima wa 2010 sikumsikia mtu yeyote wa Mombasa, sheikh, padri wala mwanasiasa, akikitaja.

Feri ya Likoni, wakati naandika, bado iko mikononi mwa serikali ya taifa. Kampuni iliyokuwa ikiiendesha iliwekwa chini ya Halmashauri ya Bandari badala ya kuja kwa kaunti, na sisi raia wa Mombasa tulipokea habari hiyo magazetini.

Katiba hii imeshajaribiwa kubadilishwa kwa mpango wa BBI (Building Bridges Initiative), na Mahakama ya Juu ikauzima mpango huo tarehe 31 Machi 2022. Watakuja wengine. Wakija, wataanza tena na dini, kwa sababu dini huamsha watu haraka. Waislamu na Wakristo wa mji huu tunaweza kukubaliana tangu sasa, kabla ya rasimu yoyote kuwapo, kwamba kifungu cha 170 kiachwe kama kilivyo na muda wetu tuutumie kwingine.

Kabla ya hapo kuna 2027. Yeyote atakayekuja mtaani kwetu kutaka ugavana au useneta, nitakuwa na Jedwali la Nne mkononi, na nitamuuliza mambo matatu mbele ya watu. Feri utaidai kwa barua gani na kwa nani? Ukinyimwa utakwenda mahakamani mwezi gani? Na je, umesoma sheria ya mahusiano ya serikali mbili hizi, ile ya 2012, inayoonyesha njia ya kupitia? Akisema tutaangalia, nitamuomba akae chini tumsomee, bila kuruka.